Kudai Fidia ya Majeraha ya Jeshini Marekani: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza na kwa Aliyekataliwa

Barua za kukataliwa fidia zinafanana. Askari aliumia kweli, anaumwa kweli, na daktari wake analijua hilo. Lakini Wizara ya Maveterani (wanajeshi wa zamani) ya Marekani, ambayo wenyewe huiita VA, inamjibu kwamba haioni uhusiano kati ya ugonjwa wa leo na utumishi wa jana. Mwenye barua anaikunja, anaitia kabatini na kusema amedhulumiwa.

Mara nyingi hajadhulumiwa. Amepeleka maumivu bila karatasi inayoyaunganisha na jeshi. Mwongozo huu umeandikwa kwa wasemaji wa Kiswahili waliovaa sare ya Marekani, awe bado anaishi huko au amesharudi nyumbani Afrika Mashariki. Uraia si sharti: anayelipwa ni aliyetumikia, na fidia humfuata hata akihamia nchi nyingine.

## Kwanza jua unadai fedha ipi

Kuna fedha tatu ambazo watu huzichanganya, na ukijaza fomu ya moja ukidhani unadai nyingine utapoteza miezi.

Fidia ya ulemavu. Hulipwa kila mwezi na VA, kwa kufuata asilimia ya ulemavu utakayopimiwa, kwa jeraha au ugonjwa uliosababishwa au kuzidishwa na utumishi. Haikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu, wala haijalishi unafanya kazi au la. Hii ndiyo mada yetu.

Pensheni ya VA. Hii hupewa veterani mwenye kipato kidogo aliyetumikia kipindi cha vita, akiwa na miaka 65 au zaidi, au akiwa na ulemavu wa kudumu usiomruhusu kufanya kazi. Hapa jeraha si lazima liwe la jeshini, ila kipato na mali zako vitapekuliwa.

Malipo ya kustaafishwa kwa sababu za kiafya. Haya hutoka jeshini kwenyewe. Jeshi likiona huwezi kuendelea na kazi na likakupa ulemavu wa asilimia 30 au zaidi, unastaafishwa kwa malipo ya kila mwezi. Ukiwa chini ya 30 na hujafikisha miaka 20 ya utumishi, unapewa mkupuo mmoja na kuagwa. Tahadhari: VA huweza kuzuia fidia yako mpaka mkupuo huo urudi, isipokuwa jeraha lilipatikana eneo la mapigano au katika shughuli za kivita. Usiutumie wote kununua gari.

## Vitu vya kuandaa

- Cheti cha kutoka jeshini, DD-214. Kikikupotea, omba nakala Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani kwa fomu SF-180.
- Faili lako la matibabu la jeshini, lote, pamoja na la meno.
- Rekodi za hospitali ulizotibiwa baada ya kutoka, hata za zahanati ya mtaani kwenu.
- Kama ulikuwa wa akiba au wa Gadi ya Taifa, karatasi inayothibitisha kwamba uliumia ukiwa kazini rasmi.
- Majina na namna ya kuwapata wenzako wawili watatu wa kikosi walioona tukio.
- Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa watoto.
- Akaunti ya benki na akaunti ya mtandaoni ya VA.

Angalia aina ya kuachishwa iliyoandikwa kwenye DD-214. Ikiwa uliachishwa kwa aibu, mlango wa fidia umefungwa hadi hadhi hiyo ibadilishwe. Kuna fomu DD-293 ya kuomba ibadilishwe, na muda wake ni miaka 15 tangu kutoka; lakini aliyeachishwa kwa hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi, au aliyepitwa na muda huo, hutumia fomu DD-149. Anzia hapo kabla ya kusoma zaidi.

## Hatua ya 1: Funga tarehe

Kabla hujakusanya hata karatasi moja, tuma taarifa ya nia ya kudai, fomu 21-0966. Ukianza kujaza dai mtandaoni na kulihifadhi, taarifa hiyo hujisajili yenyewe.

Sababu ni fedha. Malipo huhesabiwa tangu tarehe ya kudai, hayahesabiwi tangu siku ulipoumia. Ukishatuma nia yako, una mwaka mzima wa kuandaa dai, na likikubaliwa utalipwa kwa kurudi nyuma hadi siku ya ile taarifa. Asiyeituma na akatumia miezi minane kutafuta rekodi, ameipoteza miezi hiyo minane.

Ukidai ndani ya mwaka mmoja tangu kutoka jeshini ni bora zaidi, maana hesabu huanzia siku iliyofuata siku ya kutoka. Na kama bado uko ndani, kuna dirisha la siku 180 hadi 90 kabla ya kuondoka ambapo unaweza kudai ungali na sare. Waliolitumia dirisha hilo wana nafuu kubwa: daktari wa kambi yupo, mashahidi wapo, na rekodi haijasafiri.

Dai la kwanza halina muda wa mwisho. Hata aliyetoka miaka 20 iliyopita anaweza kudai leo.

Kama umeifanya hatua hii sawasawa, utakuwa na uthibitisho wenye tarehe. Uchapishe uuweke.

## Hatua ya 2: Lisome faili lako mwenyewe

Usiiachie VA kazi hii. Ni kweli sheria inaitaka ikutafutie rekodi za serikali, lakini mtu anayefungua kurasa mia tano za faili lako hajui ni goti lipi liliumia wala mwezi gani.

Pita ukurasa kwa ukurasa ukiwa na kalamu. Kila mahali palipotajwa sehemu ya mwili unayoidai, andika tarehe na namba ya ukurasa. Tazama hasa fomu ya afya uliyojaza siku za mwisho kabla ya kutoka. Wengi waliweka alama ya "sina tatizo" kila mahali ili wawahi kwenda nyumbani, na fomu hiyo hurudi kuwasuta. Kama ndivyo ulivyofanya, dai halijafa, ila itabidi ueleze kwa maandishi kwa nini ulijibu hivyo.

Ukikuta faili ni tupu, nalo ni jambo la kawaida. Wengi wetu hatukwenda kwa daktari wa kikosi kwa kuogopa kuitwa wategaji. Hatua ya 4 inahusu pengo hilo.

## Hatua ya 3: Orodhesha magonjwa, si malalamiko

"Nasikia maumivu mwili mzima" hakuna anayeweza kulipia. Andika tatizo moja moja: goti la kulia, kiuno, mlio masikioni, kipandauso, kukatika pumzi usingizini, PTSD (maradhi ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha).

Ongeza na magonjwa yaliyozaliwa na magonjwa. Goti bovu humfanya mtu achechemee, na kuchechemea kwa miaka huharibu nyonga. Dawa za maumivu huchubua tumbo. Haya nayo hudaiwa, na hapa kiungo kinachohitajika, yaani uthibitisho kwamba kimoja kimesababisha kingine, ni kati ya ugonjwa wa pili na ule wa kwanza.

Kisha tazama ulikotumikia. Sheria iitwayo PACT, iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022, iliweka orodha ya magonjwa yanayodhaniwa kutokana na moshi wa mashimo ya kuchomea takataka na sumu nyingine. Pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi imo, sainasi sugu imo, na saratani kadhaa zimo. Aliyetumikia Somalia, Iraki au Kuwait tangu tarehe 2 Agosti 1990, au Jibuti na Afghanistan tangu tarehe 11 Septemba 2001, hahitaji kuthibitisha kiungo kwa magonjwa hayo. Anathibitisha mambo mawili tu: kwamba alikuwepo, na kwamba anaumwa.

Hapa kuna mtego kwa waliotumwa ukanda wetu. Kambi ya Lemonnier kule Jibuti imo kwenye orodha ya maeneo. Manda Bay, Lamu, haimo, kwa kuwa Kenya haimo. Aliyekuwa Lamu anaweza kudai, ila kwa njia ndefu ya kuthibitisha kila kitu.

## Hatua ya 4: Jenga kiungo

Madai mengi hufia hapa, kwa hiyo tukae hapa kidogo. VA inataka mambo matatu yakutane:

1. Ugonjwa uliopo leo, wenye jina, uliothibitishwa na daktari.
2. Tukio, jeraha au mazingira fulani wakati wa utumishi.
3. Maelezo ya kitabibu yanayolifunga la kwanza na la pili.

La kwanza wengi wanalo. La pili wengi wanalo nusu. La tatu hudhaniwa linajionyesha lenyewe. Halijionyeshi. Kwamba uliruka kwa parashuti na kwamba goti linauma ni habari mbili tofauti mpaka daktari aziunganishe.

Barua ya daktari. Mpe daktari nakala za kurasa ulizoziwekea alama katika hatua ya 2. Barua yake iseme kwamba amelisoma faili, itaje ugonjwa, itaje tukio la jeshini, iseme kuna uwezekano wa asilimia 50 au zaidi kwamba kimoja kimesababisha kingine, kisha itoe sababu. Kiwango ni hicho cha nusu kwa nusu, wala sheria haidai uhakika. Mizani ikisimama sawa, faida ni yako. Daktari akiandika "huenda" au "inawezekana", barua hiyo haina uzito. Na akiandika asilimia bila kueleza sababu, ina uzito mdogo vilevile.

Maelezo yako. Yaandike kwenye fomu 21-4138. Usisimulie maisha yako. Sema ulikuwa wapi, mwezi na mwaka gani, ukifanya nini, nini kikatokea, ulihisi nini siku hiyo, na hali imeendeleaje tangu hapo bila kukatika. Kama hukwenda kwa daktari wa kikosi, sema na ueleze sababu. Aliyeumia katika mapigano ana nafuu ya kisheria: maelezo yake hukubaliwa hata kama rekodi haipo, mradi yanalingana na hali ya vita aliyokuwamo.

Maelezo ya mashahidi. Fomu 21-10210. Mwenzako wa kikosi aandike alichokiona, na mkeo au mumeo aandike anachokiona sasa. Linganisha maelezo haya mawili:

"Mume wangu anateseka sana na mgongo tangu atoke jeshini."

"Tangu arudi mwaka 2019 hawezi kuinama. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemfunga kamba za viatu. Mtoto akitaka kubebwa, baba yake hukaa chini kwanza ndipo ampakate."

La pili linapimika, na la kwanza ni sifa tu. Shahidi asijifanye daktari: aseme macho yake yameona nini, akome hapo. Kama Kiingereza kinamtatiza, aandike Kiswahili chake kizuri, nawe ambatanisha tafsiri.

PTSD na udhalilishaji wa kingono. Hapa kuna fomu yake, 21-0781. Waliodhalilishwa kingono jeshini mara nyingi hawakuripoti, na VA inalifahamu hilo. Inakubali ishara nyingine: maombi ya kuhamishwa, utendaji ulioshuka ghafla, kipimo cha ujauzito au cha magonjwa ya zinaa, barua kwa dada, mazungumzo na padri au imamu. Usiache kudai kwa sababu hukuripoti.

Ukimaliza hatua hii, jipime hivi: mpe mtu asiyekujua karatasi zako, mwombe akueleze kwa sentensi mbili jinsi jeshi lilivyoliharibu goti lako. Akikwama, msomaji wa VA naye atakwama.

## Hatua ya 5: Tafuta mwakilishi asiyekutoza

Mashirika ya maveterani kama DAV, American Legion na VFW yana wawakilishi waliosajiliwa na VA ambao huandaa madai bure. Si lazima uwe mwanachama. Watumie. Hata ukiandika vizuri mwenyewe, jicho la mtu anayeona madai kila siku hukamata kosa ambalo hukulidhania.

Jihadhari na kampuni zinazokupigia simu zikiahidi asilimia 100 na kukutaka uzilipe mara kadhaa ya ongezeko lako la mwezi. Sheria hairuhusu mtu kukutoza ada kwa kukuandalia dai la kwanza. Wakili aliyesajiliwa anaweza kulipwa baadaye, baada ya uamuzi wa kwanza, unapoupinga. Akikuomba nywila ya akaunti yako ya VA au ya benki, kata simu.

## Hatua ya 6: Wasilisha

Fomu ni 21-526EZ, na njia ya mtandaoni ndiyo rahisi. Ambatanisha kila kitu kwa mkupuo mmoja, majina ya mafaili yawe yanaeleweka. Kwa hospitali binafsi ambazo hukupata rekodi zake, jaza 21-4142 kuiruhusu VA iziombe. Hakiki anwani na simu, maana hatua inayofuata huanza na mtu kukupigia kwa namba usiyoijua.

## Hatua ya 7: Siku ya uchunguzi

VA, mara nyingi kupitia kampuni iliyopewa kazi hiyo, itakuita kwa uchunguzi. Daktari huyu hakutibu wala haamui dai. Anajaza fomu, na mwamuzi ataisoma fomu hiyo bila kukuona.

Usikose. Ukikosa bila sababu, dai la kwanza huamuliwa kwa karatasi zilizopo, na ombi la kuongezewa asilimia hukataliwa. Ukipata dharura, piga simu mapema upangiwe siku nyingine. Uliye nje ya Marekani, jiandae kusubiri zaidi kabla ya kupangiwa.

Tatizo kubwa kwa watu wetu ni adabu. Sisi tumelelewa kujibu "sijambo" hata mwenye homa, na mwanamume hufundishwa kumeza maumivu. Daktari akiuliza hali yako, unasema ni nzuri, anaandika kwamba veterani anasema hali ni nzuri. Jibu lifuate ukweli wa mwili wako: "Leo naweza kutembea, lakini siku mbaya huja mara mbili kwa wiki, na siku hizo siinuki kitandani."

Eleza siku mbaya zikoje, huja mara ngapi, hudumu muda gani, na zinakuzuia kufanya nini kazini na nyumbani. Akikupinda goti au mgongo, mwambie pale pale maumivu yanapoanza. Usisubiri mpaka ashindwe kuendelea, kwa sababu kipimo huhesabiwa kwa digrii. Kwa kipandauso, la muhimu ni mashambulizi yanayokulaza chali, na idadi yake kwa mwezi. Wiki chache za kuandika tarehe kwenye daftari zitakusaidia kuliko kumbukumbu.

Wala usitie chumvi. Kudanganya ili kulipwa ni jinai, na madaktari hawa humtazama mtu tangu anaposhuka garini.

Ukitoka, andika mlichozungumza na vipimo vilivyofanywa. Ikiwa alikaa nawe dakika tano na hakukugusa goti, maandishi hayo yatakufaa ukija kupinga.

## Hatua ya 8: Soma barua ya uamuzi yote

Watu husoma asilimia na kuiweka. Soma hadi mwisho, hasa sehemu inayotaja mambo yaliyokubaliwa kwa faida yako. Yakishaandikwa hapo, waamuzi wa baadaye wanafungwa nayo isipokuwa kuwe na kosa la wazi. Ukikataliwa, sehemu hiyo inakuonyesha ni nguzo ipi kati ya zile tatu za hatua ya 4 inayokosekana, na hizo nyingine huna haja ya kuzipigania tena.

Kuhusu hesabu: asilimia hazijumlishwi kama tulivyofundishwa shuleni. Mwenye 50 na 30 hapati 80. VA huanza na kubwa: ukitoa 50, mwili umebakiwa na 50. Ile 30 huchukuliwa kwenye hiyo 50 iliyobaki, yaani 15. Jumla ni 65, inayokwezwa hadi 70. Ongeza jeraha jingine la 20: ni asilimia 20 ya 35 iliyobaki, yaani 7, jumla 72, inashushwa kuwa 70. Ndiyo maana mtu huongezewa jeraha na malipo yasitikisike.

Kukubaliwa kwa asilimia 0 si kukataliwa. Kiungo kimeshakubaliwa, na hali ikizidi utaomba ongezeko bila kuthibitisha upya.

## Hatua ya 9: Ukikataliwa, chagua mlango sahihi

Una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua. Ukiuacha upite, unaweza kurudi, lakini tarehe yako ya malipo imepotea. Milango ni mitatu, na kosa ni kuingia wowote ulio karibu.

Dai la nyongeza, fomu 20-0995. Ingia hapa kama una ushahidi mpya unaohusika, kwa mfano ile barua ya daktari uliyokosa mwanzo. Kwa aliyekosa kiungo, mlango ni huu.

Mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996. Mwamuzi mwenye uzoefu zaidi hulisoma faili lile lile. Ushahidi mpya haupokelewi hata ukilia. Unafaa pale ambapo karatasi zilikuwemo zikarukwa, au sheria ilitumiwa vibaya. Omba na mazungumzo ya simu uonyeshe kosa liko ukurasa gani.

Rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Maveterani, fomu 10182. Hapa ni kwa jaji. Huchukua muda mrefu kuliko hiyo mingine, hasa ukiomba kusikilizwa ana kwa ana. Ingia na mwakilishi.

Usifungue dai jipya la ugonjwa ule ule ukidhani unaanza upya.

## Ukishakubaliwa

Ukifika asilimia 30, ongeza mwenzi na watoto, maana malipo hupanda kwa ajili yao lakini hayapandi yenyewe. Kama majeraha hayakuruhusu kushika kazi ya kukutunza, na una jeraha moja la 60, au jumla ya 70 yenye moja la 40, omba kwa fomu 21-8940 ulipwe kiwango cha 100. Aliyestaafishwa kiafya kwa majeraha ya kivita aulize tawi lake la jeshi kuhusu malipo maalumu ya mapigano, fomu DD 2860. VA haitamkumbusha, maana si fedha yake.

Uliyerudi Afrika Mashariki, jiandikishe katika mpango wa matibabu ya nje wa VA, unaolipia tiba ya magonjwa yaliyokubaliwa.

Na mwambie mwenzi wako faili liko wapi. Ukifariki kwa ugonjwa uliokubaliwa, yeye ana haki ya malipo yake kwa fomu 21P-534EZ, na atahitaji karatasi zote hizi.